Buku Mbili Haichapi Toleo la Pili

Shilingi 2,000 ndiyo bei inayomjia mdomoni upesi mchoraji anayejichapishia kitabu chake cha kwanza cha katuni. Ni noti moja tu, haisumbui chenji, na hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuipata akibana matumizi yake ya wiki. Inatamkika bila aibu: buku mbili. Ukiwa Lizaboni, katika Manispaa ya Songea, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, unaiona kuwa ndiyo bei ya haki kwa watu wa mtaani kwako. Mimi nasema ni bei ya hatari. Kwa toleo la nakala mia chache, buku mbili humlipa muuzaji, humlipa mchapaji kwa shida, na mwenye kitabu hubaki na deni.

Deni hilo lina uzito wa pekee kwa sababu katuni ni kazi ya mfululizo. Humzoesha msomaji sura ya mhusika, kofia yake, kauli zake na visa vyake, kisha humwacha akisubiri. Hivyo ndivyo jarida la Sani lilivyokaa mioyoni mwa Watanzania tangu Saidi Bawji na Nico ye Mbajo walipolianzisha katika miaka ya 1970 kwa jina lililotokana na majina yao wawili. Watu hawakulipenda kwa toleo moja. Walipenda kukutana tena na Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi na Madenge. Miongoni mwa waliolichorea alikuwa marehemu Philip Ndunguru, ambaye ukoo wake msomaji wa Mbinga au Songea hahitaji kuelezwa unatoka upande gani. Hata waandishi wa riwaya za upelelezi waliojichapishia kazi zao walilijua jambo hili. Elvis Musiba na kampuni yake ya Continental Publishers alikuwa na Willy Gamba, Ben Mtobwa na Heko Publishers alikuwa na Joram Kiango, na kila kitabu kilichouzwa kiliandaa njia ya kinachofuata.

Kwa hiyo swali la bei, kwangu, ni moja tu: je, kitabu cha kwanza kitachapa cha pili?

Tuchukue mfano wa kubuni, kisha tuufanyie hesabu za kweli. Binti wa Lizaboni amechora hadithi ya vita vya Majimaji. Imeanzia kwenye vikao vya manduna, viongozi wa Kingoni, ikapita kwenye mapigano, ikaishia Februari 27, 1906, siku Wajerumani walipowanyonga mashujaa wetu pale Songea. Toleo la pili, ambalo bado liko kichwani mwake, litamhusu Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake na ambaye kichwa chake jamaa zake wanakidai hadi leo. Hadithi hii wasomaji wake wapo tayari. Kila Februari watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, mjini Songea, kuwakumbuka mashujaa hao, na Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo hapo akaomba msamaha. Kazi ina thamani. Kinachotakiwa ni bei isiyoiangusha.

Kitabu chenyewe ni kurasa 32 za ndani, nyeusi na nyeupe, ukubwa wa A5, chenye jalada la rangi na pini mbili za katikati. Njia ya karibu ni stesheneri ya mtaani. Karatasi nane za A4 zilizokunjwa hutoa kurasa hizo 32, yaani pande 16 za kutoa kopi. Kwa shilingi 100 kila upande, ndani peke yake ni 1,600, na jalada la rangi likiongezwa nakala moja inafika 2,500 au zaidi. Uzuri wake ni kwamba unaweza kutoa nakala 20 tu, ukawapa watu wasome na kutazama sura zao wanapofika ukurasa wa mwisho. Ubaya wake ni kwamba nakala ya 200 inakugharimu sawasawa na ya kwanza. Tena mashine za kopi haziwezi vizuri weusi mpana: usiku uliouchora kwa wino uliojaa unatoka na michirizi ya kijivu. Kwa majaribio stesheneri inafaa sana. Kwa biashara haifai.

Njia nyingine ni ofseti, na hapa mchoraji lazima aelewe mashine inavyokula pesa. Mashine inayochapa karatasi ya A2 hubeba kurasa nane za A5 kila upande. Kurasa 32 ni pande nne, kwa hiyo pleti (bamba za kuchapia) nne, na jalada la rangi kamili linahitaji pleti nyingine nne. Pleti hizo nane utazilipia uchape nakala 100 au 5,000. Ndiyo sababu mchapaji akikutajia bei ya nakala 500 na ya nakala 1,000, ya pili haiwi mara mbili ya kwanza. Kurasa nazo huenda kwa nne: ukiongeza ukurasa mmoja wa kuwashukuru wazazi, umeongeza nne. Dar es Salaam wachapaji ni wengi, lakini mtu wa Songea asisahau kwamba Peramiho, mwendo mfupi tu kwa gari, Wabenediktini wamekuwa na kiwanda cha chapa tangu enzi za ukoloni. Uliza kote, kwa maandishi, ukitaja aina ya karatasi ya ndani na ya jalada, kabla hujamtajia mtu yeyote bei ya kitabu chako.

Tuseme makadirio yaliyorudi ni shilingi 850,000 kwa nakala 500, na shilingi 1,150,000 kwa nakala 1,000. Kila mtu hukimbilia kugawanya. Nakala moja ni 1,700 katika toleo dogo, au 1,150 katika toleo kubwa. Basi, husema mtu, nikiuza 2,000 napata faida ya 300, si haba. Hesabu hiyo ndiyo iliyofukia ndoto nyingi, maana inachukulia kwamba nakala zote zitauzwa na kwamba pesa yote ya msomaji itafika mkononi mwa mchoraji.

Nakala zote haziuzwi. Ukitaka kitabu kiwe na ISBN, ambayo kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, kuna nakala za kuwasilisha huko. Kuna za walimu wawili watatu ambao neno lao likisemwa darasani linauza kuliko tangazo. Kuna ya mjomba aliyekopesha. Kuna zilizokunjika kwenye buti la basi, na zile ambazo muuzaji anasema zimekwisha lakini pesa zake hazijaonekana. Ukitoa 60 katika 500 hujawa mchoyo wala mtapanyaji. Zimebaki 440.

Sasa gawa hizo 440. Nusu atauza mwenyewe kwa mkono: shuleni, kanisani baada ya misa, kijiweni. Nusu ataziweka kwa wauza magazeti na kwenye maduka ya madaftari. Hawa hawabebi mzigo kwa mapenzi ya sanaa, na hawatakiwi kufanya hivyo. Meza ile ndiyo ada ya watoto wao. Robo ya bei ni kiwango cha chini cha heshima kumwachia muuzaji, na hata hapo wengi watachukua kwa mali kauli, walipe kikiuzika.

Kwa bei ya 2,000, nakala 220 za mkononi zinaleta 440,000. Nakala 220 za mezani, kwa 1,500 baada ya kumtoa muuzaji, zinaleta 330,000. Jumla 770,000. Mchapaji alichukua 850,000, na kusafirisha maboksi kwa basi tuseme 30,000. Hasara ni shilingi 110,000. Msomaji asipite haraka hapa: hii ni hasara ya kitabu kilichopendwa. Kila nakala iliyoweza kuuzwa imeuzwa, watu wanaulizia kinachofuata, na mwenye kitabu hana hata pesa ya kuagiza makadirio mapya.

Kwa bei ya 3,000, meza zikichukua 750 kila nakala, zile 220 za mkononi zinaleta 660,000 na za mezani 495,000. Jumla 1,155,000. Ukitoa chapa na usafiri inabaki 275,000. Ni pesa hiyo. Lakini igawe kwa siku za kazi uone inasemaje. Ukurasa mmoja wa katuni, kupanga fremu, penseli, wino, kuandika maneno kwenye viputo, kufuta na kurudia, tuseme ni siku mbili za mtu anayejua kazi. Kurasa 32 ni siku 64, bila kuhesabu jalada wala siku za kuandika hadithi yenyewe. Kila siku imempa shilingi 4,300 hivi. Saidia fundi anayebeba zege Songea hiyo hiyo hawezi kuukubali ujira huo, na hakuna anayemshangaa akiukataa.

Nayasema haya kwa sababu nimechoka kusikia kwamba mchoraji anayeuza 3,000 ana tamaa. Bei hiyo bado ni ya mtu anayejinyima.

Bora pia tuseme mtaji ulitoka wapi. Kama 880,000 za mwanzo zilikuwa akiba yake mwenyewe, basi mauzo yamezirudisha zote, toleo la pili lina pesa ya chapa, na zile 275,000 ni ujira wake. Kama zilikuwa mkopo wa VICOBA au wa mjomba, zimerudi kwa mwenyewe, na toleo la pili linaanza na 275,000 peke yake. Bei moja, kitabu kimoja, hatima mbili. Mchoraji mwenye mkopo hana uhuru wa kuuza kwa bei ya chini ambayo mwenzake mwenye akiba anaweza kuivumilia, na mara nyingi ni yeye ndiye anayeishusha, kwa hofu ya kudaiwa.

Atatokea mtu wa hesabu aseme: chapa 1,000, uza 2,000. Kwenye karatasi anashinda. Tuseme nakala 900 zimeuzika, nusu mkononi na nusu mezani, zinaleta 1,575,000. Chapa ni 1,150,000, usafiri wa mzigo mkubwa 50,000, inabaki 375,000. Ni zaidi ya ile 275,000 kwa laki nzima. Lakini uliza swali la pili: ni wangapi lazima wanunue ndipo mtaji urudi? Nakala 500 za 3,000 zikiuzwa mkononi, mtaji unarudi kwa mnunuzi wa 294. Nakala 1,000 za 2,000 zinahitaji wanunuzi 600. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.8 mkoani Ruvuma, lakini idadi hiyo haimsaidii mtu aliyebeba mfuko wa vitabu begani. Yeye anahitaji watu wa kuwataja kwa majina, au angalau kwa mahali. Darasa hili wanne, kwaya ile sita, kijiwe cha bodaboda wawili, walimu wa shule tatu, wafanyakazi wa ofisi fulani, Wangoni walioko Dar es Salaam ambao wangetaka watoto wao waijue Februari 27. Kaa na daftari uandike. Ukifika 300 kwa ukweli, toleo la 500 lina miguu. Ukifika 600, chapa 1,000 na uza buku mbili kwa amani. Wengi wetu tukiwa wakweli tunaishia mahali fulani kabla ya 300, na hiyo ndiyo habari muhimu kuliko makadirio ya mchapaji.

Mfano wa bei ndogo yenye mafanikio upo, ila uko Kinshasa. Huko Papa Mfumu'eto alianza mwaka 1990 kujichapishia katuni za Kilingala kwenye karatasi duni kabisa, zikauzwa barabarani, zikasomwa na mji mzima katika miaka ambayo pesa ya Zaire ilikuwa ikiporomoka. Aliweza kwa sababu Kinshasa ni mamilioni ya watu wanaopita mbele ya muuzaji mmoja. Bei ya chini inahitaji umati. Songea ina watu wanaojuana, na hilo ni soko la aina nyingine.

Mfano wa upande wa pili nao unafaa kukumbukwa. Mwaka 1984 vijana wawili wa Marekani, Kevin Eastman na Peter Laird, walijichapishia katuni ya kasa wanne wapiganaji, ambao baadaye walikuja kujulikana dunia nzima kwa filamu na vikaragosi. Mtaji ulikuwa marejesho ya kodi na mkopo wa mjomba. Walichapa nakala 3,000 hivi, nyeusi na nyeupe, wakaandika bei ya dola 1.50, wakati ambapo katuni ya kawaida ya Marvel, yenye rangi, iliuzwa senti 60. Kitabu cha watu wasiojulikana, kisicho na rangi, kiliuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya kile cha kampuni kubwa, na kikaisha. Hawakujilinganisha na Marvel kwa sababu hawakuwa na mashine za Marvel. Mchoraji wa Lizaboni naye asijilinganishe na gazeti. Gazeti lina matangazo yanayolipa sehemu ya gharama na linachapwa kwa maelfu usiku mmoja. Bei iliyoandikwa juu yake haimwambii lolote kuhusu kitabu chake.

Mlinganisho mwingine unaomdhuru ni ule wa katuni za bure. Shujaaz ilianza Kenya mwaka 2010 ikigawiwa bure kwa mamia ya maelfu, kisha ikaingia Tanzania. Jarida la Fema la shirika la Femina Hip limekuwa likipelekwa mashule ya sekondari bila malipo kwa miaka mingi. Nayaheshimu sana machapisho haya. Yamewafundisha vijana wa vijijini kwamba hadithi ya picha inaweza kuwahusu wao, kwa lugha yao, shida zao na mapenzi yao. Ila kila nakala ya bure ililipiwa na mfadhili. Mchoraji, karatasi, gari la usambazaji, vyote vililipwa. Binti wetu akigawa bure, au akiuza kwa bei ya kufidia nauli tu, mfadhili anakuwa yeye mwenyewe, na mfuko wake una mwisho.

Hata hivyo mnunuzi wa jumla anatafutika. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa nchini mwaka 1991, uliwainua wachapishaji kwa njia ya kununua sehemu ya nakala zao na kuzipeleka mashuleni, kwa hiyo mchapishaji aliingia kiwandani akijua mzigo fulani tayari una mwenyewe. Kwa kiwango kidogo jambo hilo hilo linaweza kufanyika Songea: shule inayotaka nakala 40 za somo la historia, parokia, chama cha wazawa wa Ruvuma walioko mjini Dar es Salaam. Wauzie kwa ile ile 2,250 ambayo ungebaki nayo mezani, walipe taslimu kabla hujachapa, na usishuke hapo. Nakala 40 zilizolipiwa mapema ni shilingi 90,000 za pleti.

Suala la noti na chenji nalo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Tokyo, kwenye soko la katuni za kujichapishia la Comiket lililoanza Desemba 1975, wauzaji huweka bei za mviringo, na sarafu ya yeni 500 inapendwa sana, kwa sababu foleni ikisimama kutafuta chenji mnunuzi anahama meza. Kwetu nako kuna ngazi zake: jero (500), buku (1,000), buku mbili, buku tano. Bei ya 2,700 haipo duniani. Utaishia kuuza 2,500 au kubishana. Na 2,500 yenyewe inakutaka ubebe mfuko wa majero siku nzima. Shilingi 3,000 ni noti ya 2,000 na ya 1,000, mtu anazo au hana.

Kama baada ya haya yote bado moyo unakataa, na unaona wasomaji wako wa kweli ni wanafunzi wa sekondari ambao buku tatu hawaifikii, basi usikate bei, kata kitabu. Wamarekani walifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Toleo la Action Comics la Juni 1938, lililomleta Superman, lilikuwa na kurasa 64 kwa senti 10. Senti 10 hizo zilisimama hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini kurasa ziliendelea kupungua mpaka zikabaki 32. Mtoto aliendelea kulipa sarafu ile ile. Kitabu cha kurasa 24, chenye jalada la rangi mbili badala ya nne, kinaweza kushuka hadi mahali ambapo buku mbili inalipa. Hadithi igawe mara tatu. Msomaji wa bwenini atalalamika kwamba imeishia pabaya, na huko kulalamika ndiko kunakouza toleo linalofuata. Tukumbuke kwamba nakala moja bwenini husomwa na vitanda vyote. Wewe hutaki kuwazuia wasiazime. Unataka mmoja kati ya walioazima ashindwe kusubiri zamu yake mara ya pili.

Wakati nao ni sehemu ya bei. Songea pesa hufuata mahindi. Kuanzia Julai hadi Septemba mavuno yanauzwa, kahawa ya Mbinga nayo inashuka, na mtu yule yule aliyekwambia Januari kwamba 2,000 ni ghali atatoa 3,000 bila kuuliza. Januari ni ada, sare na madaftari, usimsogelee mzazi na katuni. Hadithi ya Majimaji ina msimu wake wa ziada, ile wiki ya mwisho ya Februari, wageni wanapojaa mjini. Wengine hushawishika kuwauzia wageni hao kwa bei ya juu zaidi. Kitu kile kile kwa bei mbili katika mji mdogo kitakuvunjia heshima kabla ya jioni. Mgeni mwenye uwezo mpe kitu tofauti: nakala yenye mchoro wa mkono uliouchora ukurasa wa kwanza mbele ya macho yake, kwa 10,000.

Kuhusu kuuza kwa simu nitasema kifupi. Faili likiingia kwenye kundi moja la WhatsApp, bei yake imekwisha. Tumia simu kuonyesha kurasa nne za mwanzo na kupokea malipo, na weka makato ya kutoa pesa ndani ya hesabu yako, kwa sababu kwenye miamala ya elfu mbili tatu makato hayo yanaumiza. Waombe watu walipe kwa lipa namba, uzikusanye, uzitoe kwa pamoja.

Kisha andika bei kwenye jalada. Magazeti yetu huandika, na wachoraji wengi wanaojichapishia huogopa, wakidhani wanajifunga. Wanajifunga kweli, na ni kifungo chenye faida. Muuzaji wa Tunduru hawezi kukiuza 5,000 akakuharibia jina, wala yule wa stendi hawezi kukitupa kwa 1,500 akamuudhi aliyenunua jana kwa 3,000. Zaidi ya yote kinakukinga na ndugu. Songea hakuna asiyekuwa ndugu.

"Mdogo wangu, nifanyie buku basi, si nilikubeba mgongoni?"

"Shikamoo dada. Bei imeandikwa hapo, hata mama amenunua hivyo hivyo."

Jibu hilo halina ukali wala dharau, na maneno yanayolitoa yamechapwa na mashine, si na mdomo wako. Mchoraji ambaye hana bei jaladani hujikuta akiwauzia wageni watano kwa 3,000 na shangazi kumi kwa 1,000, halafu akashangaa bahasha mbona nyepesi.

Bahasha nayo iwepo, ya kweli, au laini ya simu ambayo haitumiki kwa kitu kingine. Kila nakala ikiuzwa, 1,760 inaingia humo kwanza, ambayo ni chapa na usafiri wa nakala moja ya toleo lijalo. Kinachobaki ndicho cha unga, vocha na wino. Wiki za mwanzo, mauzo yakiwa ya mkononi, kinachobaki ni 1,240. Nakala ikiuzwa mezani kinabaki 490. Utaumia, lakini utajua kila Jumamosi jioni ni nakala ngapi za kitabu cha pili tayari zimelipiwa.

Na siku toleo la Songea Mbano litakapotoka kiwandani, usishushe bei ya lile la kwanza kwa sababu ni la zamani. Kwa msomaji aliyekutana na hadithi leo, yote mawili ni mapya. Yafunge pamoja, uyauze 5,000, noti moja. Muuzaji wa meza mwachie 1,250 yake, ubaki na 3,750. Kama nakala za kwanza zilikwisha kurudisha mtaji wao, toa 1,700 ya kuchapa la pili, na 2,050 iliyobaki ianze bahasha ya toleo la tatu.